Chumvi, miseli na mnato: mwongozo kamili wa kupata sabuni ya maji nzito bila kubahatisha

Bidoni ya kwanza niliyoharibu ilikuwa ya lita 20. Nilikuwa nimefundishwa kwa mdomo, kama wengi wetu hapa Goma. Nilimuuliza mama aliyenifundisha, "Mama, chumvi kiasi gani?" Akanijibu, "Mwanangu, tia mpaka mkono ukuambie imetosha." Mkono ukaniambia. Sabuni ikashika vizuri, mwiko ukawa mzito, nikafurahi. Kisha tamaa ikaniingia: kikombe kimoja kingine cha chumvi, iwe nzito zaidi, maana wateja wa soko la Virunga wanapenda sabuni inayodondoka polepole. Nikakoroga. Haikupita dakika tano, mwiko ukaanza kuzunguka kama uko ndani ya chai. Nikadhani chumvi ni kidogo, nikaongeza tena. Ikawa maji matupu. Nikaimwaga nje, kwenye mawe ya lava, povu likazama katikati ya mawe na pesa yangu ya wiki mbili ikazama nalo.

Sabuni ile haikuwa imeharibika. Ilikuwa imepita kilele cha uzito wake. Ningejua hivyo siku ile ningeiokoa kwa kazi ya nusu saa, na namna ya kuiokoa nitaieleza mwishoni. Lakini kwanza tufahamu kinachotokea ndani ya ndoo, kwa sababu ukishakielewa, hatua zote zinazofuata hutazikariri, utazitarajia.

Ndani ya ndoo kuna maumbo

Ile rojo nyeupe-njano tunayonunua kwa kilo, ambayo wengine wanaiita Texapon na waliojifunza kwa Wakenya wanaiita Ungerol, ni safaktanti. Kila molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa mafuta unaoyakimbia. Ukitia chache sana ndani ya maji, kila moja inahangaika peke yake. Zikizidi kiwango fulani, zinakusanyika zenyewe: mikia inajificha ndani, vichwa vinabaki nje vikigusa maji. Mkusanyiko huo ndio miseli. Wazo hili ni la zamani; mkemia James William McBain alilitoa mwaka 1913.

Kiwango cha kuanza kukusanyika ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa sodiamu laurili salfeti, ile inayouzwa kama unga au vijiti vyeupe, ni kama gramu 2.3 tu kwa lita moja ya maji kwenye nyuzi 25. Miseli yake ya kawaida ni mpira wenye molekuli 60 hivi, upana wa nanometa 4 au 5. Rojo yetu inaanza kukusanyika mapema zaidi ya hapo. Kwa hiyo sabuni yoyote ya kuuza, hata ile mbovu kabisa, imejaa miseli. Swali ni moja: zina umbo gani?

Hapa ndipo chumvi inapoingia. Vichwa vya safaktanti hii vina chaji hasi, na chaji za aina moja zinasukumana. Fikiria watu wamesimama sokoni mvua ikinyesha, kila mmoja amefungua mwavuli. Hawawezi kukaribiana, wakijaribu kujipanga, miavuli inawalazimisha kupinda duara. Hiyo ndiyo miseli ya mpira. Sasa tia chumvi. Sodiamu inajipenyeza kati ya vichwa, inapunguza kusukumana, na miavuli inafungwa mmoja mmoja. Watu wanaweza kusimama bega kwa bega, na mstari hauhitaji tena kupinda sana. Mpira unarefuka, unakuwa kijiti, kijiti kinakuwa mnyoo mrefu.

Mwaka 1976 Israelachvili, Mitchell na Ninham waliliweka jambo hili kwenye hesabu fupi: chukua ujazo wa mkia, ugawe kwa eneo la kichwa lililozidishwa na urefu wa mkia. Jibu likiwa chini ya theluthi moja, unapata mipira. Kati ya theluthi na nusu, vijiti na minyoo. Juu ya nusu, karatasi bapa zilizolaliana. Chumvi haigusi mkia hata kidogo. Inapunguza eneo la kichwa tu, na jibu linapanda.

Umbo linaamuaje mtiririko? Mimina bakuli la maharagwe yaliyochemshwa kwenye maji mengi: yanapita, kila punje na njia yake. Sasa mimina bakuli la tambi ndefu. Zinashikana na kuburuzana, na ukivuta moja zinakuja kumi. Miseli za mpira ni maharagwe, za mnyoo ni tambi, na tambi zikifikia urefu wa mikrometa kadhaa zinasokotana mpaka mnato, yaani ule uzito wa kumiminika, unapanda mara mia au mara elfu bila wewe kuongeza hata gramu moja ya safaktanti.

Ila tambi hizi si za kawaida. Zinakatika na kuungana upya zenyewe, muda wote, hata bidoni ikiwa imetulia sakafuni. Michael Cates alieleza hesabu yake mwaka 1987, na watu wakaziita polima hai. Kwa hiyo haziharibiki kwa kukorogwa. Ukiikoroga kwa nguvu zinajipanga upande mmoja na sabuni inaonekana nyepesi. Ukiiacha, zinasokotana tena na uzito unarudi. Usihukumu sabuni wakati mwiko bado unazunguka.

Na kilele? Chumvi ikizidi, minyoo inaanza kutoa matawi. Mtu angetarajia matawi yashikane zaidi, lakini kinyume chake ndicho kinachotokea: kila njia panda inaweza kuteleza kwenye mnyoo, na mnyoo wenye njia panda zinazoteleza hauna haja ya kujikwamua kwenye msokotano. Mzigo unaachiliwa haraka, na mnato unaanguka. Ndicho nilichokimwaga kwenye mawe.

Kabla ya vifaa, niseme jambo linalonikera. Wateja wetu wanapima ubora wa sabuni kwa uzito wake, na kuna wauzaji wanaolijua hilo vizuri sana. Uzito ni habari ya umbo, na kiasi cha safaktanti ni habari nyingine. Unaweza kuwa na sabuni nzito yenye safaktanti kidogo, na nyepesi yenye nyingi.

Vifaa

Mizani ya jikoni ya betri inayosoma gramu moja. Kipimajoto. Karatasi za pH (za kupima uasidi). Glasi au vikopo 9 vya namna moja. Simu ya kuhesabu sekunde. Kaye (daftari) na kalamu. Chupa ya maji ya nusu lita. Shanga moja ya kioo, ya milimita 4 hivi. Chumvi laini ya mezani. Iodini iliyomo haina madhara hapa, lakini chumvi ya mawe ina uchafu na magneziamu isiyojulikana kiasi chake, iache.

Malighafi kwa kilo 10 za sabuni: rojo ya asilimia 70, kilo 1.2, betaini ya nazi (safaktanti saidizi) ya asilimia 30, gramu 400, maji kilo 6.4. Hiyo ni kilo 8 za kitu nitakachokiita msingi. Kilo 2 zilizobaki ni za maji ya chumvi, na ndizo tutakazozipimia.

Hatua ya 1: maji

Hapa kwetu hakuna mito mjini. Mvua inapotelea kwenye mawe ya volkano, na maji yanatoka ziwani, yawe ya bomba au ya bidoni za njano zinazopanda kutoka Kituku kwa baiskeli na chukudu (zile baiskeli za mbao za kusukuma). Maji ya Ziwa Kivu yana chumvichumvi kama gramu moja kwa lita, na pH yake ni karibu 9. Majirani wengi wakiharibikiwa wanalilaumu ziwa. Mimi nimepiga hesabu: kilo 6.4 za maji zinaleta gramu 6 au 7 za chumvichumvi, na sabuni hii itahitaji karibu gramu 200 za chumvi. Ziwa halina hatia. Linaweza kusogeza kilele kidogo tu, nalo linasogeza kila siku kwa namna ile ile mradi usibadilishe maji katikati. Leo ya ziwa, kesho ya mvua, hapo ndipo hesabu zako zitakapokukimbia.

Chemsha maji kwanza, yapoe mpaka nyuzi 50 hivi. Hapa juu, kwenye mita 1,500, maji yanachemka karibu nyuzi 95, usishangae kipimajoto kikigoma kufika mia.

Hatua ya 2: kuyeyusha rojo

Hatua hii inawatesa wengi. Rojo ya asilimia 70 inavutika, unaweza kuichota. Ukiitilia maji kidogo, badala ya kulegea inakakamaa kama bugali la jana! Sababu ni umbo tena. Kwenye asilimia 70 molekuli zimejipanga kama karatasi zilizolaliana, na karatasi zinatelezana. Zikipungukiwa kufikia kati ya asilimia 30 na 60 hivi, zinajipanga kuwa vijiti vilivyobanana kama kuni zilizofungwa mzigo, na mzigo huo hauendi popote. Kila donge la rojo likigusa maji, ngozi yake ya nje inapita kwenye hali hiyo na kuwa ganda gumu, maji hayaingii ndani tena. Ndiyo yale madonge yanayoelea kama macho ya samaki.

Kwa hiyo usitie maji kidogo kidogo juu ya rojo. Weka maji yote kwenye ndoo, yakiwa ya vuguvugu, kisha tia rojo kwa vipande vidogo. Koroga taratibu, mwiko ukiwa chini kabisa, usiingize hewa. Funika, lala. Asubuhi utakuta yote yameyeyuka bila wewe kutoa jasho.

Kuna njia ya pili inayopendwa sana: kusaga rojo na chumvi kwanza mpaka iwe nyeupe, ndipo maji yafuate. Inafanya kazi, siikatai, na kwa haraka inashinda ya kwangu. Kasoro yake ni kwamba unakuwa umeshatia chumvi kabla hujajua kilele kiko wapi. Mimi nalala.

Hatua ya 3: betaini na pH

Tia betaini. Ina chaji zote mbili, chanya na hasi, kwenye kichwa kimoja, na ikijipanga katikati ya vichwa vya rojo inapunguza kusukumana. Ni kama mtu asiye na mwavuli anayesimama katikati ya wenye miavuli. Kwa sababu hiyo sabuni yenye betaini inafikia kilele kwa chumvi kidogo kuliko isiyo nayo. Na ndiyo maana huwezi kuchukua kipimo cha chumvi cha mwenzako: yeye labda hana betaini, au ana ile nyingine ya nazi yenye mafuta zaidi.

Pima pH. Kwa maji ya ziwa itakuwa juu. Yeyusha asidi ya limau kwenye maji kidogo, tia kwa kijiko kidogo, koroga, pima tena, mpaka ufike kati ya 6 na 7. Utaona vipovu vidogo vikipanda. Ni bikaboneti ya ziwa inatoa gesi, usiogope. Usishuke chini ya 5. Fanya hivi sasa hivi, kabla ya kupima chumvi, kwa sababu asidi hiyo nayo inaacha chumvi ndani na pH inabadilisha tabia ya betaini. Ukirekebisha pH baadaye, umeharibu kipimo chako.

Wanaotumia asidi ya salfoniki badala ya rojo watalazimika kuizima kwanza kwa soda kali. Soda inatiwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya soda, glavu mkononi na watoto mbali. Sabuni ya namna hiyo haipendi maji magumu, nayo huwa na ukungu mapema chumvi ikizidi.

Hatua ya 4: ngazi ya chumvi

Hii ndiyo roho ya mwongozo. Tutatengeneza sabuni 9 zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa chumvi.

Yeyusha gramu 200 za chumvi kwenye gramu 800 za maji. Sasa kila gramu 5 za maji haya zina gramu 1 ya chumvi, na mizani yako ya gramu moja, ambayo isingeweza kupima gramu 1 ya chumvi kavu kwa uaminifu, inapima gramu 5 vizuri zaidi.

Kwenye kila glasi weka gramu 160 za msingi. Glasi ya kwanza iongezee gramu 40 za maji ya kawaida. Ya pili, gramu 5 za maji ya chumvi na 35 za kawaida. Ya tatu, 10 na 30. Endelea hivyo mpaka ya tisa inayopata 40 za chumvi na sifuri ya kawaida. Kila glasi sasa ina gramu 200 kamili na safaktanti ile ile. Chumvi inapanda kutoka 0 hadi asilimia 4, ngazi kwa ngazi ya nusu asilimia.

Usiruke ule mchezo wa 40 jumla. Wengi wanatia chumvi kwenye ndoo moja na kupima kila wanapoongeza. Lakini maji ya chumvi yanaongeza maji pia, na mwisho hujui kama mnato umeshuka kwa sababu ya chumvi au kwa sababu umeizimua sabuni kwa maji.

Koroga kila glasi taratibu, andika namba kwa kalamu kwenye plasta, ziweke zote kwenye besani moja ya maji zikae saa kadhaa. Povu lipande na lipasuke. Joto liwe moja. Hapo usiwe na haraka.

Hatua ya 5: kupima

Kata kitako cha chupa ya nusu lita. Toboa kifuniko katikati kwa msumari uliopashwa moto, tundu la milimita 5, kingo zake safi. Chora mistari miwili ubavuni, kati yake pakiwa na mililita 100. Igeuze chupa, ziba tundu kwa kidole, mimina sabuni mpaka juu ya mstari wa kwanza, achia, na hesabu sekunde kutoka mstari wa juu mpaka wa chini.

Kaye yangu ya bechi moja inasoma hivi: asilimia 0, sekunde 7, nusu, sekunde 7, 1, sekunde 9, 1.5, sekunde 17, 2, sekunde 48, 2.5, sekunde 110, 3, sekunde 95, 3.5, sekunde 40. 4, sekunde 15. Zako zitakuwa tofauti. Umbo la mlima litakuwa lile lile. Tazama pale chini: 0 na nusu zinafanana. Si kwamba minyoo haijaanza kurefuka, ni kwamba chupa haioni tofauti kwenye vitu vyepesi. Na tazama kati ya 1.5 na 2: sekunde karibu zinazidi mara tatu. Kwenye kilo 10, nusu asilimia ni gramu 50, yaani vijiko viwili vitatu vya chakula. Kile kikombe changu siku ile kilikuwa kinavuka mlima mzima.

Kwa glasi nzito zaidi tumia shanga. Iloweshe kwanza ndani ya sabuni yenyewe ili hewa itoke kwenye tundu lake, la sivyo itaelea na kukudanganya. Iachie katikati ya glasi, hesabu muda wa kushuka kati ya alama mbili. Muda ukiwa mara mbili, mnato ni mara mbili. Shanga inashuka polepole na haiwasumbui minyoo. Chupa inawalazimisha kupita tundu dogo na kuwanyoosha. Kwa hiyo vipimo viwili havitalingana kabisa. Vyote ni vya kweli, kila kimoja kwa kasi yake.

Kipimo cha tatu hakina namba, lakini ndicho ninachokipenda. Jaza chupa robo tatu kwa sabuni yenye vipovu vichache. Ishike wima, izungushe ghafla kama unayefungua kifuniko, kisha simamisha. Kodolea macho kipovu kimoja. Ndani ya asali kipovu kingesimama tu. Ndani ya sabuni iliyo karibu na kilele kitasimama, kisha kitarudi nyuma kidogo, kama kamba ya mpira iliyoachiwa. Hao ni minyoo wamevutwa na wanajirudisha. Mara ya kwanza kuona hivyo niliita watoto wote wa parseli.

Hatua ya 6: kuchagua mahali pa kukaa mlimani

Usichague kilele. Kaa upande wa kushoto, kabla ya kilele, mahali ambapo sabuni inatosha kwa mteja. Mimi kwenye bechi ile nilichagua asilimia 1.9. Ukikaa kileleni, kosa lolote, la mizani au la manukato, linakushusha. Ukikaa kulia, umelipia chumvi ya bure na uko karibu na ukungu: chumvi ikizidi sana, sabuni inajigawa tabaka mbili na hakuna mwiko utakaoziunganisha.

Pima pia saa mbili tofauti za siku. Joto likipanda, minyoo wanakatika kuwa vipande vifupi na mnato unashuka kwa kasi. Glasi yangu ya asilimia 2 iliyonipa sekunde 48 saa moja asubuhi ilinipa 29 saa saba mchana, chumvi ile ile, sabuni ile ile. Hapa Goma tofauti si kubwa. Anayetengeneza Lubumbashi, penye baridi ya usiku mwezi wa saba na joto la mwezi wa kumi, atahitaji vipimo viwili vya chumvi kwa mwaka. Na kama umetumia ule unga wa laurili salfeti badala ya rojo, asubuhi ya baridi inaweza kukutolea sabuni nyeupe yenye fuwele. Unga huo unaanza kuganda karibu nyuzi 16, na chumvi inaipandisha hiyo nyuzi. Ipashe kidogo, itarudi.

Hatua ya 7: manukato yanakuja na ajenda yake

Usitie manukato siku ya mwisho na kudhani umemaliza. Mafuta yasiyopenda maji kabisa, kama ya maganda ya limau na machungwa, yanaingia ndani ya tumbo la mnyoo na kulivimbisha, na mnyoo anarudi kuwa mpira. Sabuni inalegea. Manukato mengine yana molekuli zenye kichwa kidogo. Hizo zinajipanga kati ya vichwa na kuwarefusha minyoo, sabuni inakakamaa. Huko kwenye visima vya petroli wanalitumia jambo hili makusudi: wanasukuma mchanga ardhini kwa maji yenye minyoo ya miseli, na yakikutana na mafuta minyoo wanakuwa mipira, maji yanalegea yenyewe na kutoka, mchanga unabaki kwenye nyufa.

Kwa hiyo chukua glasi tatu zilizo karibu na chaguo lako, tia manukato kwa kiasi utakachotumia kweli, subiri usiku kucha, pima tena. Mlima umesogea; sogea nao. Rangi ni kidogo mno kuleta shida. Kihifadhi usikisahau, kwa sababu asilimia 2 ya chumvi haizuii wadudu kuota, lakini formalini achana nayo kabisa, hata kama jirani anaitumia.

Hatua ya 8: bechi kubwa

Hesabu ni ile ile. Kwa kilo 10 kwenye asilimia 1.9 unataka gramu 190 za chumvi. Ziyeyushe kwenye maji mpaka jumla, pamoja na manukato na kihifadhi, iwe kilo 2. Mimina kwenye kilo 8 za msingi kwa uzi mwembamba, ukikoroga chini chini. Kama umetumia sehemu ya msingi kwenye glasi, pima uliobaki na ugawe kwa 4 kupata kile kitakachoongezwa. Glasi zenyewe usizimwage. Zote tisa pamoja zina gramu 36 za chumvi kwenye kilo 1.8, yaani asilimia 2 kamili, na zinarudi ndani ya ndoo bila kuivuruga.

Acha ikae usiku. Pima asubuhi kwa chupa ile ile. Ikiwa nyepesi kidogo, ongeza chumvi gramu 10 kwa wakati mmoja, iliyoyeyushwa, na usubiri.

Ukishavuka kilele

Sabuni imekuwa maji na hujui umetia chumvi kiasi gani. Swali la kwanza: uko upande gani wa mlima? Chukua glasi mbili za hiyo sabuni. Moja itie maji ya chumvi kijiko kimoja, nyingine itie msingi usio na chumvi vijiko vitatu. Ikishika ile ya chumvi, ulikuwa kushoto, endelea mbele. Ikishika ile ya msingi, umepita. Wakati mwingine hata maji matupu yanaifanya iwe nzito, na mtu asiyejua habari ya miseli ataapa kwamba umemroga.

Ikiwa umepita, dawa ni msingi zaidi usio na chumvi. Tuseme una kilo 20 zenye asilimia 4.5 na unataka 2.2. Zidisha 20 kwa 4.5, unapata 90. Gawanya kwa 2.2, unapata karibu 41. Kwa hiyo unahitaji kilo 21 za msingi juu ya zile 20. Msingi huo uongezee kwanza robo ya uzito wake wa maji, ili safaktanti ilingane, na uhesabu maji hayo ndani ya zile 21: kilo 16.8 za msingi na kilo 4.2 za maji. Mimina, koroga taratibu, lala. Utaamka na bidoni mbili nzito badala ya moja iliyoharibika, kwa hiyo bidoni tupu ya pili iazime kwa jirani kabla hujaanza.